Eti "Alitafuna Kitu Kigumu"!

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na meseji zenu za "mzee vipi, umedisko nini?" nimezipata zote. Sijadisko. Nilikwenda nyumbani Tarime kwenye msiba, nikarudi nikakuta majaribio mawili yananisubiri mlangoni, halafu boom likachelewa, basi ikawa balaa juu ya balaa. Leo nimekaa zangu kona ya maktaba, desa la Mekanika ya Vitu Vigumu liko wazi mbele yangu na sisomi. Nina hasira. Kwa hiyo diary ya leo haina vichekesho vya foleni ya kafeteria wala habari za chumbani kwetu. Asiyetaka kusoma habari za meno aruke, tutaonana wiki ijayo.

Yaani hivi. Shangazi yangu anakaa pande za Nyamongo. Mwaka jana gego lake la chini lilikuwa limetoboka, linamsumbua usiku, na yeye kama watu wengi wa kwetu alishaamua: anakwenda kung'oa. Mimi msomi wa familia nikajitia kujua. Nikampigia simu, nikamhubiria nusu saa (salio la mkopo likakata), nikamwambia shangazi, jino halijafika kung'olewa hilo, nenda kazibe. Akanisikiliza. Akaenda kituo kimoja, sikitaji, tabibu akamsafisha tundu kwa vifaa vya mkono bila mashine wala sindano ya ganzi, akachanganya unga na maji ya dawa, akaziba. Shangazi akanipigia anashukuru, "mwanangu kumbe haiumi!" Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Miezi mitano baadaye amekwenda Mugumu kumwona binti yake aliyejifungua. Wamekaa jioni wanakula mahindi ya kuchoma. Kah! Nusu ya kiziba ikatoka, kwa maneno yake mwenyewe, "kama kigae cha chungu." Akarudi kule alikozibiwa. Akaangaliwa, akaambiwa sentensi moja: "Mama, ulitafuna kitu kigumu." Jino likang'olewa siku hiyohiyo.

Sasa nilipofika msibani ndiyo nikasikia hadithi yenyewe, mbele ya watu kama ishirini waliokaa kwenye turubai. Shangazi anaisimulia kama mchezo wa kuigiza, anafungua mdomo anaonyesha pengo, na mwisho anamalizia: "Kuziba ni kupoteza hela na nauli. Likiuma, ng'oa." Wamama wote wakaitikia ehee. Na mimi niko pale, nimenyamaza kama mwizi. Hesabuni wenyewe. Kiziba kimoja kimevunjika, watu ishirini wameamua kung'oa.

Niliporudi nikamsimulia rafiki yangu anayesoma udaktari wa meno. Jamaa hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Atakuwa alitafuna kitu kigumu, mura."

Hapo ndipo nilipochemka na bado sijapoa mpaka naandika haya.

Hivi jamani, jino kazi yake ni nini? Kutafuna vitu laini? Mtu wa Nyamongo au Mugumu anakula mahindi ya kuchoma, anakula bisi zenye punje ambazo hazikulipuka, anamenya muwa kwa meno, anakula nyama ya kuchoma mpaka kwenye mfupa, anakula ugali wa ulezi ambao ukiwa na bahati mbaya una chenga ya jiwe ndani. Hiyo ndiyo kazi ya gego, haijaanza jana. Ukinijengea daraja la Mto Mara halafu likaanguka lori lilipopita, ukaniambia "lilipita lori," nitakupeleka polisi. Daraja linajengwa kwa ajili ya lori! Lakini kwenye meno tunakubali. Kosa ni la mama aliyekula mahindi.

Basi nikaacha kubishana na mtu wa simu, nikaenda kubukua. Na nilichokikuta ndicho nataka tugombane hapa.

Ile dawa aliyozibiwa shangazi inaitwa glasi ayonoma. Ni unga wa kioo cha aina maalumu unaochanganywa na asidi, vinashikana vinakuwa kama saruji. Waliigundua Waingereza wawili, Alan Wilson na Brian Kent, kwenye maabara ya mkemia mkuu wa serikali kule London, ripoti zao zikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kitu kizuri, nasema kabisa. Inajishika yenyewe kwenye jino bila gundi, inatoa floridi kidogokidogo, haihitaji umeme. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namna inavyopimwa kabla haijafika mdomoni mwa shangazi.

Kiwango cha kimataifa cha saruji hizi ni ISO 9917-1. Toleo la 2007 linataka utengeneze kinguzo kidogo cha mviringo, kipenyo milimita 4, urefu milimita 6. Unakichanganyia kwenye chumba cha nyuzi joto 23, unakitunza kwenye joto la 37, baada ya saa 24 unakikandamiza mpaka kipasuke. Ya kuzibia inatakiwa ifikishe angalau megapaskali 100. Pigeni hesabu hiyo, ni ya kidato cha nne tu. Eneo la kinguzo ni kama milimita za mraba 12.6, kwa hiyo kinabeba nyutoni 1,257, yaani kilo 128 hivi. Mtu mnene anaweza kusimama juu ya kinguzo kidogo kuliko punje ya mhindi na kisivunjike. Safi sana! Karatasi inagongwa muhuri, boksi linasafirishwa.

Sasa chukua dawa ileile, tengeneza kijiti. Kimo chake milimita 5, upana milimita 2 na nusu, kiegemeze ncha zote mbili, nafasi katikati milimita 20. Kwa chini chora ufa wa wembe mpaka nusu ya kimo. Halafu ning'iniza mzigo katikati. Kipimo cha namna hii ndicho kinachotoa namba ambayo wenzetu wa vifaa wanaisema kila siku na huku kwenye meno inasikika mara chache. Mimi naiita ukinzani wa ufa, maana ndivyo ilivyo: kitu ambacho tayari kina ufa kinavumilia mzigo kiasi gani kabla ufa haujakimbia. Namba ya glasi ayonoma ya kawaida inacheza kati ya 0.3 na 0.7, kwa kizio cha megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita (kizio kibaya, najua, nimekikosa kwenye kwizi). Tuchukue 0.5. Nimeweka kwenye kanuni, nimerudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Mzigo unaovunja kijiti kile ni nyutoni 8 na kidogo.

Gramu 850! Haifiki hata kilo moja ya sukari ya dukani.

Msinirushie mawe, najua maumbo mawili tofauti hayalinganishwi hivihivi, na kijiti nimekichora ufa kwa makusudi. Hoja yangu ni kwamba dawa ni moja. Ukiikandamiza ni jabali, ukiipinda ikiwa na ufa ni biskuti, na karatasi iliyokuja na boksi imetaja ujabali peke yake.

Wenzangu wa ujenzi mnaelewa haraka hapa kuliko wote. Zege tunapima kwa kuponda mche wake baada ya siku 28, na namba inatoka nzuri. Lakini nani kati yenu atamwaga boriti bila nondo kwa sababu mche ulifaulu? Hayupo. Sote tunajua zege likivutwa linafunguka, ndiyo maana tunaweka chuma upande wa chini. Sasa kiziba kilichokaa kwenye tundu la juu tu, kimezungukwa na jino pande zote, hicho ni kama zege ndani ya shimo, kimekaa raha. Kiziba kinachofika mpaka ubavuni, kule jino linakopakana na jirani yake, hicho sehemu yake inaning'inia. Hicho ni boriti. Na hakina nondo.

Mnadhani nazua? Kuna uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, ulitoka 2012, kuhusu viziba vya aina hii. Kwenye meno ya utotoni, vile vya upande mmoja vilivyobaki salama baada ya miaka 2 ni asilimia 93. Vile vya pande zaidi ya moja ni asilimia 62. Mikono ileile, dawa ileile. Kuoza upya na kulegea navyo vimo, sikatai, lakini tofauti kubwa namna hiyo kati ya shimo na boriti mtu wa vifaa hawezi kuipita kimya. La shangazi, kwa jinsi anavyolieleza, lilikuwa boriti.

Tukae kidogo kwenye ufa, maana hapa ndipo utamu ulipo na mtihani wa wiki ijayo unatoka humu (mnione baadaye kwa desa). Fundi wa vioo pale mjini Tarime umeshamwona akikata kioo? Hakati. Anakwaruza mstari mmoja mwembamba, anakigonga kidogo, kinafuata mstari. Wale tuliokuwepo enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku 2017, mnakumbuka pakiti ilikuwa na kijimkato pembeni. Bila ule mkato ungeng'ang'ana na meno, ukiuanzia unachana kwa vidole viwili. Nguvu inajikusanya pale kwenye ncha ya mkato. Mwingereza Griffith aliliandika hili 1921 baada ya kuchezea vioo, akaonyesha kuwa vitu vya namna hii vinavunjika kwa sababu ya nyufa ambazo tayari vinazo. Mmarekani Irwin akaja kulipa namba tunayoitumia leo, mwaka 1957.

Na kati ya hapo kuna stori inayopita karibu na kwetu kabisa. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara, Comet, ilianza Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Mwaka 1954 mbili zilipasukia angani juu ya bahari karibu na Italia ndani ya miezi minne. Walipochunguza wakakuta nyufa zilizoanzia kwenye kona za matundu ya bodi, zikakua kidogokidogo kila ndege ilipojazwa hewa na kutolewa. Kabla ya hapo zilikuwa zimepimwa na kufaulu! Hakuna aliyesema "abiria walikuwa wazito." Walibadilisha namna ya kupima.

Kwa hiyo nauliza: kiziba cha shangazi kilijazwa na kutolewa mara ngapi? Kila tonge ni kubonyeza na kuachia.

Halafu ufa wa kwanza unatoka wapi? Tunautengeneza sisi wenyewe. Unga na maji vinachanganywa kwa mkono juu ya karatasi, kijiko cha unga na tone la maji, na tone ukilibana chupa vibaya linatoka na hewa ndani, unakuwa umepunguza maji au umezidisha. Ukikoroga unaingiza mapovu. Povu moja dogo kuliko punje ya chumvi ni ufa tayari umekaa unasubiri. Na kanuni haina huruma: ufa ukiwa mrefu mara nne, nguvu inabaki nusu. Joto nalo. Kiwango kinasema uchanganye kwenye nyuzi 23. Tarime mjini kule juu, asubuhi, pengine unazipata bila shida. Shuka upande wa Serengeti saa nane mchana ndani ya chumba cha bati, dawa inaanza kushikana kabla hujamaliza kuisukuma kwenye tundu, na dawa iliyoanza kushikana haijishiki tena vizuri na jino. Isipofunikwa mapema kwa mafuta ya mgando inakauka juu na kupasuka mistari kama udongo wa lambo wakati wa kiangazi. Yote haya yanajulikana. Kila mwanafunzi wa meno anafundishwa kupaka mafuta kwenye kidole na kubonyeza. Sasa kama mnajua kuwa mkono na hali ya hewa vinaweka ufa, mbona hamuulizi dawa inavumilia ufa kiasi gani?

Jibu nililopewa na yule rafiki yangu (sasa ameweka simu chini, ugomvi umekolea) ni kwamba "imepita ISO, wewe fundi gereji unataka nini?" Nikamwonyesha. Kiwango cha kauri za meno, ISO 6872, kina kiambatisho kizima kuhusu ukinzani wa ufa. Kiwango cha plastiki ya kutengenezea meno bandia, ISO 20795-1, kinadai kipimo hicho kwa zile zinazouzwa kama za kuhimili mshtuko. Kwa hiyo namba inajulikana, namna ya kuipima inajulikana, na mtu mwenye hela ya kauri na bibi mwenye meno ya bandia wanapimiwa. Anayezibwa kwa saruji ya unga na maji, ambaye ndiye mtu wa Nyamwaga na Natta, anapondewa kinguzo tu. Jamaa akasema hiyo ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inayochagua namna hiyo?

Halafu kuna kundi la pili ambalo nalo lina lake. Hawa ndio wananiudhi zaidi. Wanasema "we acha, hiyo ni ziba ya maskini, mwambie shangazi yako aende mjini akawekewe kompositi ya taa." Wanasema huku wanacheka. Hawajui wanachocheka. Ile njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine haikuletwa hapa kwenye kontena. Ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ndani ya mpango wa afya ya kinywa ya jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mholanzi Jo Frencken akiwa mmoja wa waliouanzisha. Ikatoka hapa ikaenda kujaribiwa Thailand 1991, ikaenda Zimbabwe, na 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Viwanda vikubwa vikatengeneza dawa nzitonzito kwa ajili yake, akina Fuji IX na Ketac Molar. Leo watoto wanaozibwa hivyo wako Brazili, wako China. Na sisi ambao ilizaliwa kwetu tunaiita ya maskini. Kitu kimezaliwa kwenye nchi yetu, na wanafunzi wa nchi yetu hatujui hata kinavunjika kwa gramu ngapi.

Kompositi ni nzuri, ukinzani wake wa ufa ni mara mbili hadi tatu ya glasi ayonoma. Lakini inataka jino likauke kabisa, inataka taa, inataka kiti na mtu aliyesomea. Toka Nyamongo, panda gari la vumbi, fika Tarime, hakuna nafasi, panda tena Musoma au Mwanza. Shangazi anauza ndizi. Nauli yake ya Mwanza na kulala ni ndizi za wiki ngapi? Acheni utani.

Na sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito, na ndiyo sababu nimeamua kuandika badala ya kunung'unika chumbani. Mpaka juzijuzi kulikuwa na njia ya tatu: amalgamu, ile ya rangi ya fedha. Amalgamu ni unga wa madini umechanganywa na zebaki, na zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Watu wa Nyamongo zebaki hawahitaji kufundishwa na mtu wa chuo. Mchimbaji mdogo anasaga mawe, anamimina zebaki ikamate dhahabu, linatoka donge, anachoma donge, moshi unapanda na dhahabu inabaki. Donge lile nalo ni amalgamu, jina lilelile. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulipitishwa 2013, Tanzania tukauridhia 2020. Mwaka 2022 ikakubalika kwamba isitumike tena kwa meno ya watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na Novemba 2025 kule Geneva nchi wanachama zikakubaliana kuikomesha kwenye meno ifikapo 2034. Naunga mkono mia kwa mia. Moshi ule nimeuona unavyowafanya watu, sitaki zebaki nyumbani kwetu, iwe mgodini au mdomoni.

Lakini hesabu ni hesabu. Ukinzani wa ufa wa amalgamu ni kama 1.3. Kile kijiti changu kikiwa cha amalgamu kinabeba kilo 2 na kidogo, siyo gramu 850. Kwa hiyo tunaondoa dawa yenye sumu inayovumilia ufa na kuweka isiyo na sumu ambayo uvumilivu wake hata nusu haufiki, halafu tunaendelea kuipima kwa kuponda kinguzo, kipimo ambacho ufa hauonekani. Kuanzia sasa mpaka 2034 magego mangapi ya Tarime na Serengeti yatazibwa kwa hii? Na kila kinachovunjika kitaambiwa kilitafuna kitu kigumu. Na turubai lingine la watu ishirini litaitikia ehee.

Kuna mhadhiri mmoja nilimpelekea maneno haya baada ya kipindi, akaniambia kwa upole kuwa namba za maabara hazitabiri kila kitu mdomoni. Kuna mate, kuna kuoza upya pembeni, kuna kuchakaa, kuna mtu anayesaga meno usiku. Ni kweli, na nilimshukuru. Kijiti kilichovunjwa mezani hakijaona mahindi. Lakini hoja hiyo inaangukia zaidi kwenye kinguzo kuliko kwenye kijiti! Kama hatuwezi kuamini kipimo kinachofanana na kuvunjika kwenyewe, mbona tunaamini kisichofanana kabisa? Hapo akacheka, akasema niandike pendekezo la mradi.

Ndiyo maana nasema na nyinyi wa mwaka wa nne. Miradi yenu naijua. Kikaushio cha mboga cha jua. Mashine ya kukuna muhogo. Kikaushio cha samaki cha jua. Mashine ya kukuna muhogo, tena. Mnadesa miradi ya kaka zenu mpaka makosa ya herufi. Na mkiulizwa mnasema hakuna vifaa vya utafiti wa maana. Sasa sikilizeni vifaa vinavyotakiwa hapa: kalibu ya shaba inayofunguka, karakana wanachonga siku moja. Mafuta ya mgando ya kupaka ndani ya kalibu dawa isigande. Wembe wa kuchora ufa. Beseni la maji ya joto la 37 la kuhifadhia usiku kucha. Uzi. Na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Unaning'iniza chupa katikati ya kijiti, unamimina maji polepole kwa bomba la sindano mpaka kijiti kikatike, unapima chupa kwenye mizani. Mashine ya kuvutia vyuma tunayoigombania foleni ni bora zaidi, sikatai, inasukuma kwa mwendo uleule kila mara. Lakini kijiti kinachokatika kwa gramu 850 hakihitaji mashine ya tani 10.

Na kipimwe kama kinavyotumika. Vijiti vichanganywe na tabibu mwenyewe, kwa kijiko chake na tone lake, vingine kwenye nyuzi 23, vingine kwenye nyuzi 32. Vingine vifunikwe kwa mafuta, vingine vikauke. Halafu tuone gramu zinashuka kiasi gani. Zikishuka sana, tabibu wa Mugumu anajua azibe asubuhi na gego la ubavuni alizibe vingine au alikatae. Zisiposhuka, mimi nitakuja hapahapa kwenye diary niseme nilikuwa nabwabwaja, mtanicheka mpaka mhula uishe.

Yule rafiki yangu, baada ya siku mbili za kununiana, jana usiku amekuja chumbani na boksi la dawa ambayo muda wake umepita mwezi uliopita, anasema inafaa kwa mazoezi ya kuchanganya. Hajasema samahani, na sikumuuliza. Kalibu tunachonga Jumamosi. Tunahitaji nyembe za zile za kizamani za kupakata pande mbili, za plastiki hazifai, na mtu mwenye mizani ya jikoni isiyodanganya. Mwenye navyo anajua chumba chetu kilipo, agonge tu, ila asije saa ya Mekanika.